Kiti cha Kunyamaza

Nilipomwambia wifi yangu kwamba nitamsaidia wiki mbili tu, sikuwa natania. Huu ni mwaka wa nne. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa shule ya sekondari, miaka thelathini na moja ya kupiga chapa matokeo ya watoto wa watu na kugombana na wazazi, na nilichotaka baada ya hapo ni kukaa kwangu, ninywe chai yangu ikiwa bado ya moto. Badala yake nimekaa mapokezi, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa studio ya picha, nikiwabembeleza watu wazima wanyamaze dakika tano.

Wifi yangu ni daktari. Ameolewa na mdogo wangu, wa mwisho kwetu na wa pekee niliyebaki naye, anayechomelea mageti na madirisha. Mtaa mzima wanamwita Fundi, hata waliosoma naye. Wifi ni mfupi, ana sauti ndogo, na anaongea taratibu kiasi kwamba ukimsikia mara ya kwanza unadhani utamshinda. Mimi nimejaribu tangu siku ya harusi na bado nangoja kushinda.

Alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika hospitali kubwa, wodi ya waliopata kiharusi. Analetwa mtu wa miaka arobaini na tano, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, na mkewe anauliza, "Lakini jana si alikuwa mzima?" Hakuwa mzima. Presha yake ilikuwa juu miaka mingi na hakuna aliyeipima, kwa kuwa hakuwa akiumwa. Siku moja wifi alirudi nyumbani, akaweka mkoba mezani, akamwambia mumewe, "Nimechoka kuzoa maji yaliyokwisha kumwagika. Nataka nikafunge bomba." Fundi akamuuliza bomba lipi, akaanza kutafuta spana.

Hivyo ndivyo ilivyoanza hii zahanati ya watu wasioumwa. Mtu anakuja mara moja kwa mwaka, mzima, kwa miguu yake. Anapimwa presha, sukari, uzito, kiuno, mkojo, macho, na wanawake wanachunguzwa kizazi. Kisha anakaa na daktari nusu saa nzima wanazungumza anakula nini, analala saa ngapi, baba yake alikufa na nini. Nilipoelezwa mpango huo nilimuuliza wifi nani atalipia kuambiwa kwamba yuko salama. Akasema watu wataelewa. "Kinga ni bora kuliko tiba, wifi, kila mtu anajua." Nikamjibu kwamba hata ukutani kwenye choo cha shule yetu iliandikwa hivyo, na sijawahi kumwona mtu akitoa pesa mfukoni kwa sababu ya maneno ya ukutani.

Mwanzoni alijaribu kwenda na bima kama wenzake. Fomu ya bima ina kisanduku kinachouliza mgonjwa anaumwa nini. Wifi akaandika, "Haumwi." Fomu ikarudi. Akaandika, "Ni mzima, amekuja kuangaliwa." Ikarudi na karatasi ya pili ya kueleza kosa la karatasi ya kwanza. Nikamwambia aandike homa tu, kila mtu huandika homa, akaniangalia kama niliyemwambia aibe sadaka. Baada ya miezi mitatu ya nenda rudi akaachana nao. Akaandika bei zake zote kwa herufi kubwa kwenye ubao, akautundika mlangoni: unalipa taslimu, unajua unalipia nini, fomu hakuna. Uchunguzi mzima wa mwaka ulikuwa bei ya jozi moja ya viatu vya shule. Watu wakasoma, wakasema ni ghali, wakaenda zao kununua viatu.

Mwenye studio alipohama aliacha pazia la bluu na kiti kimoja cha mbao chenye mgongo ulionyooka. Miezi mitatu ya kwanza karibu wote waliosukuma ule mlango walitaka picha za pasipoti. Sikuwaacha hivihivi. "Picha hakuna, lakini presha ipo," nawaambia, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuchana nywele, baadhi yao walikaa.

Na kukaa kwenyewe kuna sheria. Wifi hampimi presha mtu aliyetoka juani anahema. Lazima mgongo uegemee, miguu yote miwili ikanyage chini, mkono ulale mezani, simu iwe mbali, na mtu anyamaze dakika tano. Asiongee na asiongeleshwe. Akitamka neno, dakika zinaanza upya, maana maneno nayo yanapandisha presha. Fundi alikichukua kile kiti cha studio, akakikata miguu ili hata mtu mfupi akanyage sakafu, akakizungushia fremu ya chuma na ubao wa kulazia mkono. Mimi nikapewa saa ndogo ya kengele, na cheo cha kuangalia dakika tano zipite bila neno.

Nimeishi na wanafunzi mia saba kwa wakati mmoja. Hakuna hata mmoja aliyenitesa kama mtu mzima aliyeambiwa anyamaze.

"Nianze sasa?"

"Umeshaanza. Nyamaza."

"Aa, sawa. Nimenyamaza."

Narudisha saa nyuma.

"Mbona umeirudisha?"

Narudisha tena. Alikuwepo mzee mmoja, dalali wa mnada aliyestaafu, ila koo lake halijapata habari. Tulimwita Mzee Redio na alilipenda hilo jina. Siku ya kwanza alikaa kwenye kile kiti dakika hamsini ili kupata tano. Alisalimia kila aliyeingia, akaniuliza saa nimeinunua wapi, akatoa bei yake mwenyewe. Alipofanikiwa kunyamaza, presha yake ilikuwa mia na sabini na kitu, na mimi nilikuwa na uhakika yangu imeipita.

Lakini kelele za kabla ya kipimo zilikuwa nafuu. Balaa lilikuwa baada ya kipimo. Watu walitoka kwa daktari wamenuna, wakaja kunimwagia mimi, kwa sababu yeye anawasikiliza kwa upole na upole hauna pa kushika.

"Sasa naumwa nini?" aliuliza mama mmoja mshona nguo, kadi yake ya vipimo mkononi.

"Si umeambiwa huumwi?"

"Nimeambiwa nipunguze chumvi na nitembee. Dawa sijapewa. Hata sindano."

"Sindano ya nini, mama?"

"Nimelipa, dada. Naondoka mikono mitupu?"

Mwanamume mwingine alisimama mbele yangu akitaka pesa yake, kwamba kama haumwi basi hakuna kilichofanyika, na akiumwa atarudi. Nilimwambia akiumwa aende hospitali, hapa tunapokea wazima. Akaniambia nina dharau. Pengine ni kweli. Mwaka wa kwanza ulipoisha, kodi ya chumba ilikuwa bado inatoka kwenye mageti ya Fundi. Alikuwa anachomelea mpaka Jumapili, macho mekundu, na kila nikimwambia apumzike anajibu, "Dada, mke wangu anafunga bomba."

Sasa nifike kwenye muhuri, na niseme mwenyewe kabla hujasikia kwingine, kwamba wazo lilikuwa langu. Shuleni tulikuwa na muhuri wa mpira wenye mpini wa mbao, ulioandikwa AMEFAULU, wa kugonga kwenye ripoti. Nilipostaafu ulijikuta ndani ya mkoba wangu. Sikumbuki kama niliutia au uliingia. Basi siku ile mama mshona nguo aliponisimamia kichwani na mikono yake mitupu, nilimnyang'anya ile kadi, nikafungua kidau cha wino wa kijani, nikagonga.

Akaisogeza karibu na macho. Midomo ikaanza kufunguka.

"Nimefaulu?"

"Umefaulu. Urudi mwakani."

Alitoka ameishika kadi kwa vidole viwili ili wino usichafuke. Kesho yake alikuja na dada zake wawili, na mmoja wao aliniuliza kabla ya salamu kama muhuri upo.

Baada ya wiki wifi aliziona zile kadi. Akakaa ukingoni mwa meza yangu. "Wifi, hapa si shule."

"Wanataka kitu cha kuondoka nacho. Wewe unawapa maneno."

"Afya haifauliwi. Mtu aliye sawa leo anaweza asiwe sawa mwezi ujao."

"Basi mwambie mwenye nyumba hayo," nikasema.

Nje benchi lilikuwa limejaa, kwa mara ya kwanza tangu tufungue. Alinyanyuka, akaita anayefuata, na suala la muhuri likaishia pale.

Tukakua haraka kuliko wote wawili tulivyozoea. Tukaongeza benchi la pili, akaajiriwa muuguzi, pazia la bluu likashonwa upya likawa la kutenganisha vyumba. Kinyozi aliibandika kadi yake kwenye kioo, wateja wake wakawa wananyolewa huku wanaisoma. Mwalimu mmoja aliniambia mkwewe amemuuliza kama ana kadi ya kijani. Mimi nilijiona nimegundua dawa ambayo madaktari wote wameikosa.

Kitu ambacho sikukifikiria, na nilipaswa kukifikiria baada ya miaka thelathini na moja shuleni, ni kwamba palipo na kufaulu pana kufeli, na palipo na kufeli watu wataibia mtihani. Asiyekuwa vizuri aliondoka na kadi isiyo na muhuri, imeandikwa namba na tarehe ya kurudi, naye aliificha mfukoni akapita njia ya nyuma. Wakaanza kuja wamejiandaa. Mmoja aliacha chumvi siku tatu tu kabla. Mwingine alikunywa maji mpaka akashindwa kukaa dakika tano, kwa sababu nyingine kabisa. Nikacheka. Ndivyo walivyo hata watoto, usiku wa mtihani ndipo wanapokumbuka daftari.

Mzee Redio alikuwa ameanzishiwa vidonge, kimoja kila asubuhi. Akavinywa vizuri, akarudi mara tatu, ya nne presha ilikuwa imeshuka na nikamgongea muhuri. Akatoka barazani akautangaza kama ng'ombe wa mnada. "Kidonge kimoja asubuhi, muhuri mchana." Baadaye nilisikia kwamba anawagawia watu, kimoja kimoja, kwa wema tu, hachukui hata senti. Nilisikia, na nilidhani ni porojo zake za kila siku. Sikumwambia wifi.

Wakati wote huo kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kupimwa. Fundi alikiunda kile kiti kwa mikono yake na hakuwahi kukikalia. Mganga hajigangi, ndivyo wanavyosema, na mume wa mganga naye ndiyo usiseme. Mkewe akimwambia, anajibu kesho. Mimi nikimwambia, ananishika bega ananiuliza kama nimekula. Mtu mnene, mcheshi, anayebeba geti la chuma peke yake, nani angemshurutisha. Wifi alikuwa anachoka kazini, akifika nyumbani hataki tena kugombana na mwanamume juu ya mkono wake.

Ndipo akaja mwenye mabasi. Wanamwita Bosi, na anapenda. Ana madereva thelathini na wawili, na mmoja wao alikuwa amezimika kwenye usukani, bahati nzuri akiwa kituoni. Bosi alitaka wote wapimwe kila mwaka kwa gharama yake. Wifi alikaa akapiga hesabu huku anajikaza asitabasamu, maana hapo kodi ingetoka ndani ya zahanati yenyewe na Fundi angeweza kulala Jumapili. Bosi akazungusha macho chumbani, akaona kadi za kijani ambazo baadhi ya watu walituachia tuzibandike ukutani.

"Daktari, nionyeshe na ya mumeo."

Wifi akaikunja karatasi yake ya hesabu.

"Hana?"

"Atakuwa nayo Alhamisi," wifi akasema.

"Basi nitakuja Alhamisi nimwone anavyopimwa. Mimi sinunui gari ambalo muuzaji mwenyewe halipandi."

Nilimwona wifi jioni ile akimweleza mumewe pale kwenye karakana. Nilitarajia ile "kesho" yake ya kawaida. Fundi alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akasema tu, "Alhamisi saa ngapi?" Tukafurahi wote wawili, mimi na wifi, wajinga wawili.

Alhamisi alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amenyoa ndevu, ananukia sabuni. Bosi alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi, mguu juu ya mguu. Mzee Redio naye alikuwepo, siku yake ya kurudi. Niliona mdogo wangu anatoka jasho kwenye paji la uso na nikadhani ni aibu ya kutazamwa. Akakaa. Akaegemea, akakanyaga chini, akalaza mkono. Nikaizungusha ile saa.

Hakusema neno.

Fundi, ambaye tangu utoto alikuwa anaongea hata akiwa na chakula mdomoni, ambaye marehemu mama alikuwa akimlipa pipi ili anyamaze kwenye ibada, alikaa kimya. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Nikasikia raha ambayo sikuwahi kuisikia kwenye kazi hii. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mdogo wangu alikuwa ananitii, na mbele ya watu. Kwenye dakika ya nne niligeukia benchi.

"Mnaona?" nikawaambia. "Hivi ndivyo mtu mzima anavyokaa."

Saa ikalia. "Haya, Fundi, pita ndani." Hakusogea. Nikamwita tena, nikiwa na hasira kidogo sasa, nikidhani amesinzia kunitia aibu. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa, na nilipouachia ulianguka kutoka kwenye ubao ukabaki unaning'inia.

Sikumbuki nilimwitaje wifi. Nakumbuka alivyokuja, na kwamba hakukimbia. Yeye na muuguzi walimteremsha sakafuni, wakamlaza, wifi akavuta stuli yangu akailaza miguu ya Fundi juu yake, akamfunga mkanda wa presha. Sabini na sita kwa arobaini na nane. Niliziona zile namba na kwa mara ya kwanza nilizielewa bila kuelezwa. Fundi akafumbua macho, akatazama dari, akamuuliza mkewe kwa sauti ya kulewa, "Nimefaulu?"

Wifi alikuwa anampapasa mfuko wa shati. Akatoa kipande cha gazeti kilichosokotwa, ndani yake kidonge kimoja. Alikitambua, maana ni yeye aliyekuwa anakiandika kwenye karatasi za dawa. Akageuza shingo polepole mpaka akamwona Mzee Redio, na Mzee Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na la kusema. Ilibidi aulizwe mara mbili.

"Aliniomba vitano," akasema hatimaye. "Nilimwambia mimi natumia kimoja. Akasema wewe ni mwembamba, mimi ni mtu mzito."

"Umemeza vingapi?" wifi akamuuliza mumewe.

"Viwili jana. Viwili leo. Hicho ni cha akiba."

Wifi akasimama. Ana urefu wa kunifika begani, lakini nilirudi nyuma. Akalitazama benchi, mtu mmoja mmoja, akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Nani mwingine hapa amemeza kidonge kisicho chake?"

Mkono wa mama mmoja ukainuka mpaka usawa wa sikio. Halafu wa kijana mmoja anayefanya kazi benki. Na mwisho kabisa, akiwa ameuteremsha ule mguu wake, Bosi.

"Nilijua na mimi mngenikalisha," akasema.

Gari lake ndilo lililompeleka Fundi hospitali kubwa, ile ile aliyoiacha wifi. Walimwekea dripu, wakamlaza siku mbili. Siku ya pili mchana nilikuwa nimekaa upande mmoja wa kitanda, wifi upande wa pili, na dawa ya watu ilikuwa imeanza kumtoka mwilini. Muuguzi wa wodi akaja kupima. Mia na sabini na nane kwa mia na nne. Hiyo ndiyo ilikuwa presha yake yeye mwenyewe.

"Tangu lini?" wifi akauliza.

Fundi akatazama dirisha, nadhani aliona limechomelewa vibaya. "Nilipima duka la dawa. Miezi miwili, mitatu. Ilikuwa juu zaidi ya hapo."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Watu wote wale wamefaulu. Mume wa daktari akifeli, nani atakuja kwako?"

Wifi alikasirika kwanza. Alimwambia maneno ambayo sikujua anayajua, kwa sauti ile ile, na Fundi akayapokea yote. Kisha akakaa, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro. "Miaka kumi na mmoja nimewapokea hapa," akasema. "Nikawa nawalaumu wake zao kwamba hawakuona. Na mimi nalala kitanda kimoja na mia na themanini."

Nilitaka kusema kosa ni langu. Nilianza, hata nikalitaja neno muhuri, akaninyamazisha kwa mkono bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nauona, wifi. Watu walikuwa wanakuja, nikanyamaza."

Muhuri niliurudisha shuleni. Karani mpya aliniambia waliutafuta mwaka mzima, mpaka wakachongesha mwingine. Nikamwambia sasa wana miwili. Kadi zetu siku hizi zina mistari tu: tarehe, namba, tarehe, namba. Watu walilalamika, wakaniita mchoyo, na mama mshona nguo alinigomea mwezi mzima. Mzee Redio anakuja na vidonge vyake kwenye mkebe na muuguzi anavihesabu mbele ya watu. Bosi alikaa kwenye kiti yeye kwanza, bila msaada wa kidonge, akakuta ana jambo lake la kushughulikia, ndipo akaleta madereva, kumi kumi. Jumapili karakana inafungwa.

Kadi ya kwanza ukutani sasa ni ya Fundi. Aliitundika mwenyewe kwa sumaku juu ya fremu ya kiti, ili kila anayekaa aisome kabla. Inaanza na ile mia na sabini na nane. Inashuka, inapanda pale alipoona uvivu wa kunywa dawa zake, inashuka tena. Watu huisoma kidole kikifuata mistari, halafu wanakaa wenyewe. Kuna waliokuwa wakipita njia ya nyuma na kadi zao mfukoni ambao sasa wanaingia kwa mlango wa mbele.

Yeye anakuja kila Ijumaa asubuhi. Anaegemea, anakanyaga chini, analaza mkono, nami naizungusha saa. Amekuwa mtiifu, anafumba macho na hasemi kitu, na benchi zima linanyamaza kwa heshima. Dakika ya kwanza navumilia. Ya pili najishughulisha na karatasi. Ikifika ya tatu siwezi.

"Upo?" namuuliza.

"Nipo, dada."

Wifi huchungulia kwenye pazia, akanitazama, akatazama saa. Anajua sheria kuliko mimi, kwani ni yake. Anaingiza mkono, anairudisha saa mwanzo, anaondoka bila kusema neno. Ijumaa iliyopita tulianza mara nne.